Wimbo wa Hana katika kinywa cha Maria



Leo naanza na kosa langu. Tuliopewa kazi ya kusimama mbele ya watu na kuwaonyesha makosa yao, ni vizuri mara moja moja tukaanza na ya kwetu.

Ilikuwa Misa ya mazishi ya katekista mmoja mzee, huku Kisongo. Wengi wenu mnapajua. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, ukishaupita ule uwanja mdogo wa ndege, nyumba zinaanza kuachana, upepo unakuwa mkali na vumbi linakupokea. Siku ile watu walijaa hadi nje, na waliokosa nafasi walisimama kwenye kivuli cha migunga. Marehemu alikuwa amefundisha Komunyo ya kwanza kwa watoto wa pale, kisha kwa watoto wa watoto hao.

Baada ya Komunyo kwaya ikaanza wimbo ambao tunauimba kwenye kila msiba. Kwenye kinanda alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Ubeti wa kwanza aliupiga kama tulivyouzoea. Wa pili akaupunguza mwendo, na zile sauti za chini zinazoubeba wimbo akazibadilisha, zikawa za huzuni zaidi. Kati ya ubeti na ubeti vidole vyake vikaondoka, vikazunguka mahali ambapo hatukupajua, vikarudi. Baadhi ya wanakwaya walipotea. Mzee mmoja wa kanisa aligeuka akanitazama, nami nikaelewa ananiambia nini. Nikanyanyua mkono. Kijana akaacha kupiga, tukamaliza wimbo bila kinanda.

Ningeishia hapo, pengine ningesameheka. Lakini baada ya Misa nilimwita mbele ya kwaya nzima nikamwambia, "Wimbo huu si wako. Ukitaka kujionyesha, kumbi ziko mjini." Hakujibu neno. Dominika iliyofuata nilikuta ufunguo wa kinanda uko kwa mwenyekiti wa kwaya.

Zikapita siku, ikafika Misa ya arobaini. Tulipomaliza kula, mjane wa marehemu alinisogelea, akakaa karibu yangu taratibu kama wakaavyo watu wazima, akasema, "Baba, ule wimbo nimeuimba miaka thelathini. Siku ile ndiyo nimeusikia."

Sikulala vizuri usiku ule. Siku chache baadaye nikaenda kumtafuta kijana. Ana kibanda cha kutengeneza simu kando ya barabara. Alinipokea vizuri, akanifutia kiti. Nikamwomba msamaha. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla ya kumhukumu: "Ule ugeuzaji ulijifunza wapi?"

Akachukua simu, akaiunganisha na spika yake ndogo, akanichezea nyimbo mbili. Wa kwanza ni wimbo wa dansi unaoitwa "Cherokee", uliotungwa na Mwingereza Ray Noble mwaka 1938. Tuni yake ni pana, tulivu, ya watu kucheza wawili wawili. Wa pili ulikuwa kama mvua ya mawe. Saksafoni ilikimbia kiasi kwamba sikio langu lilibaki nyuma. Huo unaitwa "Ko-Ko", na aliyeupiga ni Charlie Parker, Mmarekani mweusi, mwaka 1945. "Padri," kijana akaniambia, "hizi ni nyimbo mbili lakini mifupa ni mmoja. Sikiliza chini." Akanichezea tena. Akanionyesha kwa kidole mahali sauti zinapogeuka, na kweli, zilikuwa zinageuka mahali palepale.

Ndugu msomaji, neno jazi kwetu lina historia yake. Wazee tulipokuwa tukisema jazz tulikuwa na maana ya bendi ya dansi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz. Hata mji wetu ulikuwa na Arusha Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu wawili waliotoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipiga muziki hapa chini ya jina hilo, kabla ya kuvuka mpaka kwenda Kenya, ambako walijulikana kama Simba Wanyika. Walichokipiga kilikuwa rumba, iliyotoka Kuba na kupita Kongo, nao wakaiimbia kwa Kiswahili cha kwetu. Hawakupiga jazi ya akina Parker. Ila walikuwa wanafanya jambo la ukoo mmoja na lile: walipokea kitu cha wengine, wakakishika barabara, wakakitoa kikiwa na harufu ya nyumbani.

Jazi ya akina Parker, hasa ile inayoitwa bibopu, ilikomaa mjini New York mwanzoni mwa miaka ya 1940. Wanamuziki waliokuwa wakipiga kwenye bendi kubwa za dansi walimaliza kazi usiku, kisha wakakutana kwenye vilabu vidogo vya mtaa wa Harlem, kama kile cha Minton's, wakapigiana wao kwa wao hadi alfajiri. Walichukua nyimbo ambazo kila mmoja alizijua kwa moyo. Wimbo ukipigwa mara moja kama ulivyo, kila mmoja kwa zamu alisimama akaujenga upya papo kwa papo, bila karatasi, huku wenzake wakishikilia mifupa ya wimbo chini yake ili asipotee. Mwisho wote walirudi kwenye tuni ya mwanzo. Nyimbo hizo za wote zikawa kama kisima cha kijiji. Kila mtu anachota kwa ndoo yake, na maji ni yale yale.

Kijana aliponieleza hayo, nilidhani amenipa silaha. Nikamwambia, "Basi hao walifanya walivyotaka." Akacheka kwa adabu. "Hapana, Padri. Hao walijua wimbo kuliko waliouandika."

Nikaenda kusoma, nikakuta ana haki. Inasimuliwa kwamba Parker akiwa kijana wa miaka kama kumi na sita alipanda jukwaani mjini Kansas City kupiga na wakubwa. Katikati ya wimbo akapotea njia. Mpiga ngoma Jo Jones akang'oa toazi, akalitupa sakafuni miguuni pake, likalia mbele ya watu wote. Wakamcheka, akaondoka na saksafoni yake. Majira ya joto yaliyofuata alikwenda kupiga kwenye hoteli za milimani, akabeba sahani za santuri za Lester Young, mpigaji aliyemheshimu. Akazisikiliza na kuzipiga hadi akazijua zote, sauti kwa sauti. Baadaye alisema kwamba kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi kati ya saa kumi na moja na kumi na tano kwa siku. Uhuru wa watu hawa ulianza kwa kukariri. Mtu ambaye hajaushika wimbo hana cha kugeuza, ana cha kuharibu tu.

Niliposoma habari ya lile toazi nilinyamaza. Nilijua mimi nimesimama wapi katika hadithi hiyo.

Lakini yuko mtu mwingine katika historia hiyohiyo, ambaye ningependa umfahamu. Anaitwa Mary Lou Williams, mpiga piano na mtunzi, aliyezaliwa mwaka 1910. Vijana wa bibopu walipoanza, yeye alikuwa tayari na jina kubwa. Wakubwa wengi wa rika lake waliuona muziki ule mpya kama kelele na dharau. Yeye alifungua mlango. Nyumba yake pale Harlem ikawa mahali ambapo Thelonious Monk, Dizzy Gillespie na wenzao walikuja usiku wa manane kuonyeshana walichobuni. Aliwasikiliza na kuwashauri, na yeye mwenyewe akajifunza kwao.

Mwaka 1954, akiwa Ulaya, aliacha kupiga na kwa miaka kadhaa akajitia katika sala. Mwaka 1957 akabatizwa katika Kanisa Katoliki, yeye pamoja na mke wa Gillespie. Aliwahudumia wanamuziki waliokuwa wameharibiwa na dawa za kulevya na ulevi, na hao walikuwa wengi. Parker mwenyewe alikufa mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 34, mwili wake umechakaa kwa dawa. Siwafichi hilo. Kipaji hakimwokoi mtu. Mama huyu alilijua hilo, ndiyo maana aliwaombea rafiki zake kwa majina. Mapadre walimsihi arudi kwenye piano, akarudi, akatunga wimbo wa kumheshimu Mtakatifu Martin de Porres, kisha akatunga Misa. Mwaka 1975 Misa yake ya jazi iliadhimishwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini New York.

Watu wazima wawili, basi, mbele ya kijana anayejaribu. Mmoja anatupa toazi, mwingine anafungua mlango.

Sasa nakuomba uchukue Biblia. Fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya pili, usome sala ya Hana. Kisha fungua Luka, sura ya kwanza, kuanzia aya ya 46, usome utenzi wa Bikira Maria, ule ambao Kanisa huuimba kila jioni katika Masifu. Ziweke bega kwa bega. Utaona kwamba mifupa ni mmoja. Moyo unaomfurahia Mungu, wenye nguvu wanaoshushwa, wanyonge wanaoinuliwa, wenye njaa wanaoshiba na walioshiba wanaopungukiwa, yote aliyaimba Hana mamia ya miaka kabla Maria hajazaliwa. Maria anapofika nyumbani kwa Elizabeti, jasho la safari ya milimani halijakauka, anauchukua wimbo huo wa kale na kuuimba upya palepale mlangoni.

Ona anachobadilisha. Hana alikuwa mke aliyedhihakiwa na mke mwenzake kwa kukosa mtoto, na wimbo wake una maadui ndani yake: kinywa chake kinafunguka juu yao. Maria hana mke mwenza wa kumjibu, na adui wa namna hiyo hayumo tena katika wimbo wake. Mahali pake pameingia huruma ya Mungu, kizazi hadi kizazi. Hana anamalizia na mfalme atakayepewa nguvu. Maria anarudi nyuma zaidi, hadi kwa Abrahamu na ahadi aliyopewa, kwa sababu Mfalme mwenyewe amekwisha kuwemo tumboni mwake. Je, Maria ameharibu wimbo wa Hana? Ameufikisha ulikokuwa unakwenda.

Binti yule wa Nazareti angewezaje kuimba hivyo, bila maandalizi, kama hakuwa ameyashiba maneno ya Hana na ya Zaburi tangu utotoni? Mtu fulani alimfundisha. Mtu fulani alikaa naye jioni, akarudia na kurudia, hadi maneno yakawa pumzi yake. Siku Roho Mtakatifu alipomjia, alikuta kuni zimepangwa.

Tena mtazame Elizabeti. Yeye ni mtu mzima, mke wa kuhani, anayajua Maandiko. Angeweza kunyanyua mkono na kusema, "Binti, huo ni wimbo wa Hana, uache kama ulivyo." Yeye alitangulia kumbariki, kisha akanyamaza na kusikiliza. Bila baraka ile ya Elizabeti, sijui kama tungekuwa na utenzi ule.

Najua kuna msomaji anauliza: "Padri, unataka kila kijana ageuze Misa anavyojisikia?" Hapana, na nalisema wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 22, unakataza mtu yeyote, hata awe padre, kuongeza, kupunguza au kubadili kitu katika Liturujia kwa uamuzi wake mwenyewe. Hati hiyohiyo, namba 119, inataka muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe na upewe nafasi yake katika ibada. Yote mawili yamo katika kitabu kimoja, na Kanisa haliyaoni yakigombana. Mfano mzuri uko kwa jirani zetu. Mwaka 1958 huko Kamina, katika Kongo ya kusini, Mfransisko aitwaye Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Misa Luba. Maneno ya Kilatini hawakuyagusa, si Kyrie wala Sanctus. Tuni zilitoka katika nyimbo za watu wa huko, na sehemu kubwa ilizaliwa katika kuimba kwenyewe, papo kwa papo. Misa ile ilibaki kuwa Misa, na Waluba walibaki kuwa Waluba.

Na hapa Kisongo hatuhitaji hata kwenda Kamina. Nenda kwenye sherehe ya Wamaasai jirani zetu, umsikilize kiongozi wa wimbo, olaranyani. Tuni ni ya wazee. Maneno anayatoa yeye, ya siku ile, ya watu wale. Wenzake wanaishikilia sauti ya chini kwa vifua vyao. Wao wakinyamaza, yeye anaanguka. Naye akisahau tuni, wao hawana pa kuingilia. Hakuna anayemwambia kwamba wimbo si wake, na hakuna anayedhani kwamba ni wake peke yake.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu. Nilimwambia kijana kwamba wimbo si wake kwa sababu ni wa Kanisa. Je, yeye ni nani kama si Kanisa? Ningekuwa na haki ya kumwambia, "Mwanangu, kwaya imepotea, wakati mwingine uwaandae kwanza." Hilo lingekuwa kweli, na lingemsaidia. Mtu anayepiga na wenzake ana wajibu wa kuwasikiliza, na siku ile hakuwasikiliza vya kutosha. Lakini mimi sikumsahihisha, nilimfukuza. Tena nilimfukuza mbele ya jeneza la mtu aliyemfundisha ule wimbo.

Bwana wetu alisimulia habari ya mtumwa aliyepewa talanta moja akaifukia ardhini. Siku ya hesabu aliirudisha safi, haina mchubuko, kama alivyopewa. Kwa akili zetu, huyo ndiye mlinzi mwema wa mali. Kwa Bwana wake alikuwa mtumwa mbaya na mlegevu. Alisema mwenyewe kilichomponza, kwamba aliogopa. Nauliza, na najiuliza: ni mambo mangapi ya imani tumeyafukia kwa hofu tukidhani tunayalinda? Rozari ya familia ambayo mtoto haruhusiwi kuongoza kwa kuwa atakosea. Jumuiya ndogondogo ambamo kijana akitafakari Neno, wazee wanakohoa. Kwaya ambayo funguo zake ziko mfukoni mwa mtu mmoja tangu mwaka kanisa lilipojengwa. Halafu tunashangaa vijana wamekwenda wapi.

Na wewe kijana unayesoma, usifurahi mapema. Swali lako ni gumu zaidi. Je, umeushika wimbo? Kuna wanaotaka kugeuza wasichokijua, na wanaoita uvivu wao ubunifu. Kama huwezi kuusali Utenzi wa Maria bila kitabu, kama hujawahi kukaa na katekista wako ukamuuliza kwa nini tunafanya tunavyofanya, bado huna cha kutuletea kipya. Kaa chini kwanza. Beba sahani zako mlimani.

Huenda unataka kujua kijana wetu yuko wapi. Amenisamehe, na alinisamehe kabla sijamaliza kuomba. Ila hapigi tena kwetu. Katika ile miezi ambayo ufunguo ulilala kwa mwenyekiti, kanisa la jirani, la madhehebu mengine, walimwita, naye akawapa ahadi. "Padri, kule nimeshatoa neno," aliniambia. Siwezi kumlaumu mtu kwa kushika neno lake. Anapita kunisalimia, na nikipita barabarani Dominika jioni nasikia kinanda chake kwa mbali. Namshukuru Mungu kwamba bado anamsifu. Lakini kila ninapokisikia najua ni deni langu.

Kinanda chetu sasa kinajifunzwa na binti wa kidato cha pili. Anakosea sana. Nimemwomba yule mjane wa katekista, ambaye hajui nota hata moja, awe anakuja Jumamosi kukaa karibu naye wakati wa mazoezi. Anamwimbia nyimbo za zamani kwa sauti yake ya uzee, polepole, ubeti kwa ubeti, na binti anazitafuta kwa vidole. Jumamosi iliyopita nilipita nje ya dirisha nikasikia binti amekosea, kisha akalirudia lile kosa mara mbili kwa makusudi kwa sababu limempendeza. Bibi akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hebu tena."

Ndugu msomaji, wiki hii mtafute mtu mmoja mdogo kwako, mtoto, mjukuu au jirani, umfundishe jambo moja la imani hadi alijue kwa moyo. Kisha mwache aliseme kwa kinywa chake, nawe umsikilize hadi mwisho kabla hujanyanyua mkono.

Ee Bwana, uliyempa Hana wimbo na ukamwachia Maria aumalizie, utupe sisi wakubwa uvumilivu wa Elizabeti, na wadogo wetu uaminifu wa Maria. Amina.

Nawatakia Dominika njema.